Hija ya Namugongo haiishi langoni

Kwa Mhariri,

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei, magazeti yetu hujaa picha za mahujaji wanaoondoka. Paroko ameinua mkono, maji ya baraka yanarushwa, bango limetangulia, akina mama wamejifunga leso za rangi moja. Tarehe 3 Juni huja picha za umati wa Namugongo, karibu na Kampala, Uganda, wanapokumbukwa Mashahidi wa Uganda. Baada ya hapo, kimya.

Sisi tunaowahudumia watu wanaotembea kwa miguu kutoka magharibi mwa Kenya, kupitia Busia, tunaona mambo mengine. Shida nyingi hazitokei katika miji ya njiani kama Bugiri na Iganga. Huanza katika kilomita 30 za mwisho na kuendelea hadi mwezi mzima baada ya mtu kurudi kwake. Parokia hujiandaa miezi mitatu kwa ajili ya kwenda, lakini kufika na kurudi huachiwa Mungu. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuyaseme haya mapema, watu wakiwa bado wanachanga pesa.

Tuanze na kalenda, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika kabla hata kiatu hakijavaliwa. Kutoka mpakani Busia hadi Namugongo ni kama kilomita 200, ukipita Bugiri, Iganga, Jinja, daraja la Mto Nile, msitu wa Mabira, Lugazi na Mukono. Mtu aliyefanya mazoezi anaweza kwenda kilomita 25 hadi 30 kwa siku na kesho yake akaamka bado ana miguu. Hizo ni siku nane za kutembea. Ongeza siku moja ya kupumzika Jinja, na anayeanza safari asubuhi ya tarehe 24 Mei atafika tarehe 1 Juni. Makundi mengi hupanga kufika jioni ya tarehe 2 ili waingie moja kwa moja kwenye mkesha. Kwa macho inapendeza: bango linaingia, nyimbo zimepamba moto. Ila kundi likichelewa nusu siku tu njiani, siku ya mwisho inageuka kuwa kilomita 45 za kukimbizana na saa. Watu wanaingia usiku, nafasi ya kujinyoosha haipo, malengelenge hayajatazamwa, halafu wanatakiwa kusimama hadi misa ya kesho iishe. Karibu wote tunaowabeba kwa machela tarehe 3 ni wale walioingia usiku wa tarehe 2.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi, nayo si ya kiafya. Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao, na wenzake walihukumiwa Munyonyo na kupelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa. Walikaa pale karibu wiki nzima huku kuni zikikusanywa, ndipo walipoviringishwa katika mikeka ya matete na kuchomwa tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana. Lwanga mwenyewe alitengwa na wenzake akachomwa kabla yao, na altare ya basilika ile yenye nguzo 22 iko mahali alipofia. Hujaji aliyefika tarehe 1 anaweza kusogea pale taratibu, akaungama bila kusukumwa, kisha akaenda hadi Nakiyanja, upande wa Waanglikana, ambao nao wana mashahidi wao 23. Aliyefika usiku wa tarehe 2 huona migongo ya watu na vipaza sauti. Ametembea kilomita 200 na hakufika hata mita 100 kutoka kwenye altare. Jambo hili linatuuma sana.

Sasa hizo kilomita 30 za mwisho. Kundi likishaiona Mukono, mwendo hubadilika. Vijana wanachomoka mbele, wazee wanabaki nyuma wakijikaza, na mstari uliokuwa wa mita 80 unakuwa wa kilomita mbili. Wakati huo huo barabara imejaa malori, taksi na bodaboda kuliko mahali pengine popote njiani. Kanuni yetu ni moja: anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayetangulia, na hakuna anayempita. Mtu mmoja mwenye rifleksa na bendera akae mbele, mwingine nyuma kabisa, na wa nyuma awe na simu yenye chaji. Tembeeni mstari mmoja upande wa kulia, kwa maana magari ya Uganda hushika kushoto kama yetu, na ni heri uone gari linalokujia kuliko usikie la nyuma yako. Kabla ya hapo, karibu na Kakira na Lugazi, kuna trela za miwa. Miwa hujitokeza ubavuni mwa trela kwa urefu wa mkono au zaidi, na dereva hawezi kuiona ncha yake. Likija trela, kundi zima litoke kwenye lami, lisimame, lingoje lipite. Mabira ivukeni asubuhi kukiwa kweupe, msiuingie msitu ule alasiri. Saa kumi na mbili jioni, popote mlipo, mwendo umekwisha.

Namawojjolo, kabla ya Mukono, wachuuzi watawakimbilia na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Kilichotoka motoni mbele yako, kula. Kile kilichozungushwa kwenye jua tangu asubuhi kikatae kwa adabu, maana kuhara siku mbili kabla ya mkesha kumewarudisha nyumbani watu waliokuwa na miguu mizima kabisa.

Miguu yenyewe inahitaji maelezo marefu. Kufikia siku ya sita, ngozi ya kisigino imekomaa, kwa hiyo lengelenge la siku hizo haliinuki kama la siku ya kwanza. Linajificha chini ya ngozi ngumu. Huoni kitu. Unasikia tu sehemu ya moto, pana kama sarafu, na ukibonyeza maumivu yanasambaa. Hapo ndipo pa kusimama, hapo hapo, wala si kwenye kituo kijacho. Vua soksi, kausha, bandika plasta pana isiyo na mkunjo, vaa soksi kavu. Dakika kumi zinatosha. Ukiendelea kilomita tano zaidi, ngozi yote ya kisigino inaachana na nyama.

Lengelenge dogo lisilouma liachwe lilivyo. Kubwa linalozuia kukanyaga litolewe maji hivi: nawa mikono, osha mguu kwa maji safi na sabuni, pangusa kwa spiriti, chukua sindano mpya iliyofungwa ya duka la dawa, toboa mara mbili pembeni upande wa chini, kisha bonyeza taratibu kwa shashi hadi maji yaishe. Ngozi ya juu usiikate. Ndiyo kifuniko, na hakuna plasta inayoishinda. Funika, badilisha kila jioni. Kuna mazoea yaliyoenea ya kupitisha uzi katikati ya lengelenge na kuuacha humo ili "uvute maji". Tafadhali acheni. Uzi huo ni njia ya vijidudu kutoka kwenye vumbi hadi ndani ya nyama, na siku mbili baadaye mguu umevimba na usaha umeanza. Dawa ya meno nayo haitibu lengelenge. Mwenye kisukari asitobolewe kabisa na mtu wa kundi. Huyo apelekwe kwenye kituo cha afya, hata kama anasema hasikii maumivu. Kutosikia kwake maumivu ndiko kunakotisha.

Kingine kinachowaponza watu wakikaribia kumaliza ni maji. Wengi wameshasikia kwamba usipokunywa utaanguka, basi wanakunywa maji matupu chupa juu ya chupa, nao wanatoka jasho la chumvi tangu alfajiri. Chumvi ya damu inashuka. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, vidole vinavimba hadi pete inabana, mtu anaanza kujibu maswali hovyo. Wenzake wakiona hivyo wanamwongezea maji, na hali inazidi. Kunywa ukisikia kiu, na kila siku walau lita moja iwe ya maji yenye chumvi na sukari. Pakiti za dukani ni bora. Zikikosekana, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji salama. Aliyeanza kuchanganyikiwa hatibiwi kwa chupa, apelekwe hospitali. Na wale wanaomeza diclofenac au ibuprofen asubuhi na jioni ili "wamalize tu" wafahamu kwamba dawa hizo, mwili ukiwa umekauka, huumiza figo. Mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola, safari imekwisha, twende kwa daktari.

Pale Jinja, mtu akiona maji ya ziwa au ya Nile hutamani kutumbukiza miguu iliyochoka. Ukanda ule wa Ziwa Victoria una kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi nzima, sembuse iliyochubuka. Tumia beseni na maji ya bomba.

Tukifika Namugongo, je? Saa ya kwanza ndiyo yenye watu wengi wa kuzimia. Hujaji anaingia, anaona basilika, anaanguka magotini au anasimama wima kama askari akilia. Misuli ya miguu ndiyo iliyokuwa ikisukuma damu kurudi juu tangu asubuhi. Ikisimama ghafla, damu inabaki chini na kichwa kinakosa. Hatusemi asilie wala asipige magoti. Tunasema kundi litembee polepole dakika kumi na tano zaidi, wanywe, wabadilishe soksi, watie kitu tumboni, kisha waende pamoja kutoa shukrani. Wakati wa misa, anayelazimika kusimama muda mrefu ajiinue kwenye vidole vya miguu mara kwa mara na kuhamisha uzito.

Tarehe 2 na 3 msitegemee simu, maana mtandao huelemewa. Siku ya kwanza mkifika, chagueni mahali pa kukutania na mpaone kwa macho nyote, nje ya eneo la hija, mahali pasipo na lango wala kizuizi. "Tukutane getini" haifai, kwa sababu mageti ni zaidi ya moja na lililo wazi saa hii laweza kufungwa baadaye. Kila mzee na kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina la parokia na namba ya kiongozi, na namba hiyo ianze na +254. Hili ni dogo lakini limewalaza wazee wetu nje: namba za Uganda nazo huanza na 07, basi msamaria akipiga ile namba yetu kama tulivyozoea kuiandika, inaita kwa mtu mwingine kabisa au haiiti.

Kitambulisho kikae mwilini mwa mwenyewe, kwenye kifuko chini ya nguo, usiku na mchana. Nakala ikae kwa kiongozi. Mkenya huvuka Busia kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kikipotea kwenye umati, kurudi kwake kunakuwa kazi: taarifa ya polisi kwanza, kisha ubalozi wetu Kampala, na basi halimngoji. Watoto wasio na kitambulisho watafutiwe hati zao kabla, wasifichwe katikati ya kwaya.

Kuhusu maji ya ziwa la Namugongo ambayo kila mtu huyabeba kwa kidumu: tunajua yana maana gani kwa bibi aliyebaki nyumbani akisubiri. Yabebwe kwa heshima, kwenye kidumu kipya chenye kifuniko kinachobana, kisichowahi kubeba mafuta wala dawa ya mifugo. Anayetaka kuyanywa ayachemshe kwanza. Mtoto mchanga asipewe. Kuchemsha hakupunguzi baraka yoyote, na mapadre wakilisema hili mimbarini, watu watalipokea vizuri kuliko tukilisema sisi wa boksi la dawa.

Kurudi ndiko kunakosahaulika kabisa. Misa ikiisha, magari yote yanataka kutoka kwa wakati mmoja kupitia barabara zile zile za Kireka na Bweyogerere. Kundi lililopanga kuondoka alasiri ya tarehe 3 hukaa ndani ya basi saa tano bila kusogea, halafu linafika mpakani usiku wa manane. Tunashauri walale, waondoke alfajiri ya tarehe 4, na basi liwangojee Mukono badala ya kujaribu kuingia. Gharama ya usiku mmoja zaidi ni ndogo kuliko ya dereva aliyekesha akiendesha watu 50.

Ndani ya basi kuna hatari ambayo wengi hawajaisikia. Mtu ametembea siku nane, ana maji kidogo mwilini, misuli imejeruhiwa, sasa amekunja magoti kwenye kiti kwa saa nyingi, na wa kwenda mbali ni nyingi zaidi. Damu huweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Basi lisimame kila baada ya saa mbili na kila mtu ashuke, hata anayelala. Mikoba isiwekwe chini ya miguu. Wajawazito, wazee, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na yeyote aliyewahi kupata tatizo hilo wamwone daktari kabla ya safari nzima. Miguu yote miwili ikivimba kidogo kwa siku mbili tatu ni uchovu. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, hilo si la kukanda kwa maji ya uvuguvugu wala kuchuliwa. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na kama kifua kinauma au pumzi inakata, ni saa hiyo hiyo.

Ukishafika nyumbani, usilale kitandani wiki nzima. Tembea nusu saa kila siku kwa siku saba, ndara laini au raba, bila mzigo. Ukucha uliogeuka mweusi usiung'oe, utatoka wenyewe. Maumivu yaliyojikusanya mahali pamoja juu ya wayo, unapoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, na yasiyopungua kwa kupumzika, huenda ni mfupa uliopata ufa kwa kukanyaga lami siku nyingi. Apigwe picha. Wenye kisukari wapime sukari mara nyingi zaidi wiki hiyo: njiani mwendo uliishusha, pengine dozi ilipunguzwa, na sasa mwendo umekoma ilhali sahani imebaki ile ile.

Malaria ndiyo inayotusikitisha zaidi, kwa kuwa inazuilika. Dalili huja siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi kati ya siku 10 na 15, wakati hujaji ameshasahau alilala wapi. Wanaotoka nyanda za juu, Nyeri au Nyandarua, hawana mazoea nayo, na daktari wa huko huenda asiiwazie haraka. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, kapimwe damu na useme wazi: nilikuwa Uganda, nililala nje. Njiani chandarua kisikosekane, na dawa ya kuzuia ijadiliwe na mhudumu wa afya kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo tunaomba jumuiya ndogo ndogo zifanye jambo jepesi. Orodha ile ya majina iliyotumika kukata tiketi isitupwe. Kila hujaji apigiwe simu siku ya 3, siku ya 10 na siku ya 30. Aulizwe miguu, homa, na usingizi wake. Usingizi pia, kwa sababu wapo wanaorudi na ukiwa mzito. Kwa siku tisa alikuwa na watu 40, nyimbo, na jambo moja tu la kufanya kila asubuhi. Sasa amekaa jikoni peke yake, na nia aliyokwenda nayo, mtoto mgonjwa au ndoa iliyovunjika, iko vile vile alivyoiacha. Atembelewe.

Vile vile, parokia zinazosoma majina ya waliomaliza kwa miguu na kuwaacha waliopanda gari zitafakari upya. Mama aliyeteguka kifundo Iganga akapandishwa gari hadi Namugongo amefika hija. Kwa kuogopa kusomwa kando, watu huficha majeraha hadi yaoze, nasi tunayagundua kwa harufu.

Kwa kundi la watu 40, haya ndiyo ya kuingizwa kwenye bajeti: pakiti 400 za chumvi na sukari za kuchanganya na lita moja, roli 30 za plasta pana, lita mbili za spiriti, boksi mbili za glovu, sindano 100 zilizofungwa na chombo kigumu cha kuzitupia, shashi, sabuni, soksi jozi moja ya akiba kwa kila mtu, rifleksa sita, tochi nne, gari moja la kufuata, malazi ya usiku wa tarehe 3, na vocha ya simu kwa mwezi mmoja baadaye. Pesa hizo zitengwe kwanza. Fulana na bango zinunuliwe na kitakachobaki.

Wenu,
Wahudumu wa mahujaji wa miguu,
Busia, Kenya